Kuhamisha Mnyama Si Kumwokoa

Kila mwaka, ninapoanza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana za maneno, huwapa kivumishi kimoja wakichambue: -geni. Wengi hudhani kwamba neno hili hutaja sifa ya kitu, kama yafanyavyo maneno -refu na -eusi. Baada ya mabishano ya muda hutambua kwamba sivyo. Mtu mrefu ni mrefu popote aendapo. Mgeni ni mgeni mahali fulani tu, machoni pa watu fulani tu, na kwao hakuna amwitaye hivyo. Neno hili, kwa hakika, hutaja uhusiano uliopo baina ya kiumbe na mahali alipo. Ukimtoa hapo na kumrudisha kwao, ugeni wake hutoweka.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa mchezo wa wasomi usiomhusu mvuvi wa Dunga wala mama anayekaanga samaki ufuoni Kisumu. Naomba msomaji anivumilie, kwani nataka kuonyesha kwamba limo ndani ya shauri zito linalotukabili sisi tuishio kando ya Ziwa Victoria: shauri la wanyama tunaowatia vizimbani, kuwapakia magarini na kuwapeleka mahali tunapopaita hifadhi.

Mnamo Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wanaume wanne, wawili wao vijana wa Kibelgiji, kulipa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kufungwa miezi kumi na miwili. Kosa lao halikuwa pembe za ndovu wala ngozi ya chui. Walikamatwa na malkia wa sisimizi. Vijana wale wawili peke yao walikuwa na takriban 5,000, waliotiwa ndani ya vijibomba vyenye pamba ili wastahimili safari ya ng'ambo. Wakenya wengi walicheka. Nani anunue sisimizi? Lakini huko Ulaya na Asia wako watu wanaofuga wadudu hao majumbani na kulipa fedha nyingi kumpata malkia mmoja, kwa sababu moja tu, kwamba kwao ni kiumbe wa kigeni. Sisimizi ambaye Gilgil humkanyaga bila kumwona, kwingineko ni pambo la sebuleni. Basi ugeni wa mnyama ndio bei yake. Anayemtoa mnyama kwao ndiye amtiaye ugeni huo, kisha akauuza.

Ziwa letu lina historia ndefu ya wageni wa namna hiyo. Katika miaka ya 1950 wakoloni walimtia mbuta katika maji haya ili avuliwe kwa wingi. Naam, akavuliwa, na viwanda vya minofu vikajengwa; lakini aliwala furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, hata aina nyingi hazikuonekana tena. Waliomleta hawakukaa kungoja matokeo. Wajukuu wa wavuvi wa wakati ule ndio wanaoishi nayo.

Mwaka 1966 ulianza uhamisho mwingine, safari hii wa huruma. Profesa Bernhard Grzimek, wa Shirika la Wanyama la Frankfurt, aliwachukua sokwe waliokuwa wakiishi katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, akawapeleka katika kisiwa cha Rubondo, upande wa Tanzania wa ziwa hili. Kufikia 1969 walikuwa wamefunguliwa sokwe wapatao kumi na sita. Hawakufundishwa kwanza kutafuta chakula wala kujenga viota vya kulalia juu ya miti. Wengine walikuwa wameishi miaka mingi wakilishwa kwa mkono wa binadamu, na baadhi yao, walipokwisha kufunguliwa, waliwashambulia watu. Hata hivyo walijifunza, wakazaana, na wazao wao wako kisiwani mpaka leo. Rubondo yenyewe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Ni kisa kinachofurahisha, na wengi hukisimulia kama ushahidi kwamba ukimfungulia mnyama mlango, mengine atayatengeneza mwenyewe. Mimi nakisoma vinginevyo. Bahati iliyotokea mara moja haifai kufanywa kanuni.

Nasema haya kwa sababu Jumamosi moja, si muda mrefu uliopita, nilipata nafasi ya kuliona shauri hili kwa karibu. Kikundi cha watu wanaojitolea kilinialika niwasaidie kusafirisha wanyama kutoka vijiji vya pwani ya ziwa hadi kituo cha kuwapokea, ambako wangeandaliwa kupelekwa hifadhini. Nilialikwa, nadhani, kwa kuwa mmoja wa abiria alikuwa msemaji: kasuku wa kijivu, aina ya misitu ya Kongo, ambaye mpaka wa mashariki wa makazi yake ya asili ni msitu wetu wa Kakamega. Alikuwa amekaa miaka mingi katika baa moja ya Mbita. Vijana walisema kwamba anajua Kiswahili na Dholuo, na wakataka mtaalamu wa lugha ajihakikishie.

Tulitoka Kisumu alfajiri kwa pikapu, tukapita Ahero, Katito na Kendu Bay, tukashika njia ya Homa Bay hadi Mbita. Afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kibali alikaa mbele. Sisi wengine, muuguzi mmoja, mwendesha bodaboda na mwalimu mstaafu, tulikaa nyuma pamoja na vizimba vitupu, magunia na mitungi ya maji. Nilijifunza mambo ambayo hayamo vitabuni mwangu. Kizimba hufunikwa gunia lenye maji ili mnyama apate ubaridi na asione watu. Tumbili hapewi chakula kingi kabla ya safari. Kila tuta la barabarani hupitwa polepole kana kwamba umebeba mayai. Na hakuna ruhusa ya kufungulia muziki, hata dereva akisinzia.

Kasuku tulimchukua saa nne. Kwa kweli msamiati wake ulikuwa mdogo: salamu ya asubuhi ya Dholuo, jina la mhudumu wa baa, na maneno mawili aliyoyarudia njiani kote kwa sauti ya mlevi, "Lete baridi!" Vijana walicheka mpaka machozi. Baadaye hawakucheka tena, kwa kuwa kifua chote cha ndege yule kilikuwa hakina manyoya. Alikuwa ameyang'oa mwenyewe, kama wafanyavyo kasuku waliokosa wenzao. Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulipiga marufuku biashara ya kasuku hawa wanaokamatwa porini kwa uamuzi uliopitishwa Johannesburg mwaka 2016. Marufuku hiyo haikuwa na msaada kwa huyu aliyekwisha kufika Mbita.

Homa Bay tulipewa kobe watatu. Karibu na Kendu Bay tulifika kwa mama mmoja mzee aliyekuwa na tumbili jike. Wakulima walikuwa wamemuua mama yake ndani ya shamba la mahindi, naye bibi akamwokota kitoto, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Mnyororo ulikuwa umeacha alama kiunoni mwake. Afisa alieleza kwa upole kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kukaa na mnyama wa porini bila kibali. Bibi hakubisha. Alimfungua mwenyewe, akamkabidhi, kisha akanigeukia mimi, pengine kwa sababu ya mvi zangu.

"Wuoda," akasema, maana yake mwanangu, "mnampeleka wapi?"

Nikamjibu, "Hifadhini, mama. Huko atakuwa na wenzake."

"Vyema. Lakini msichana akiolewa mbali, watu wa kwao huenda kumtazama. Huyu nani atakwenda kumtazama?"

Mwalimu mstaafu alimwahidi kwamba tutamletea habari.

Jioni, kabla jua halijazama, tuliwashusha wanyama wote wakiwa hai. Tulitia sahihi fomu ya kikundi, yenye nafasi ya aina ya mnyama, idadi, mahali alipotoka, na neno la mwisho: "Amepokelewa". Picha zikapigwa. Miezi mitatu baadaye nilikiuliza kikundi kile habari za tumbili wa Kendu Bay. Nilijibiwa kwa neno moja: "Walipelekwa." Wapi? Haikujulikana vizuri. Na nani? Faili haikuwa kwao. Wako hai? Bila shaka wako hai, nikaambiwa, maana hakuna aliyesema kwamba wamekufa.

Hapa naomba nirudi kwenye kazi yangu. Sarufi ya Kiswahili ina kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ina ruhusa ya hatari: humwezesha msemaji kumwondoa mtenda katika sentensi. Ukisema "Afisa alimpeleka tumbili", yupo mtu wa kuulizwa. Ukisema "Tumbili alipelekwa", mtu huyo ametoweka kwa msaada wa herufi moja, w. Soma taarifa zetu kuhusu wanyama, msomaji, nawe utaiona herufi hiyo ikifanya kazi usiku na mchana: wamenaswa, wameokolewa, wamehamishwa, wamefunguliwa. Habari inakoma hapo. Ni mara chache kuandikwa kwamba baada ya mwaka mmoja wanyama wale wanakula nini, wamezaa wangapi, na ni nani anayewaangalia.

Gharama ya kunyamaza namna hii tuliilipa mwaka 2018. Mwezi Julai mwaka huo, vifaru weusi 11 walitolewa katika mbuga za Nairobi na Nakuru na kupelekwa katika hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Safari yenyewe ilifaulu. Walifika wakiwa hai na wakapigwa picha. Lakini maji waliyoyakuta huko yalikuwa na chumvi kuliko waliyoyazoea. Kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyowazidi, nao wakazidi kunywa. Kumi wakafa, na yule wa kumi na moja akashambuliwa na simba, naye akafa. Wenye ujuzi wa dawa za usingizi walikuwepo, malori yalikuwepo, na nia njema ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla na baada ya safari, swali dogo ambalo mchungaji yeyote huuliza anapohamisha ng'ombe: maji ya huko yakoje?

Wako walioujibu wajibu huu kwa namna nyingine. Kisiwa cha Ngamba, upande wa Uganda wa ziwa hili, kilianza kupokea sokwe yatima mwaka 1998. Msitu wa kisiwa kile ni mdogo, hautoshi kuwalisha, kwa hiyo waliokiasisi walikubali tangu mwanzo kwamba sokwe wale watapelekewa chakula kila siku, maisha yao yote. Hapa kwetu, hifadhi ya sokwe ya Sweetwaters karibu na Nanyuki ilifunguliwa mwaka 1993 ili kuwapokea yatima kutoka Burundi iliyokuwa ikiingia vitani. Kenya haina sokwe wa porini. Hao walikuja kama wakimbizi wajao, na mkimbizi hatupwi mpakani akaambiwa amefika. Sokwe aweza kuishi miaka hamsini. Anayempokea sokwe mchanga huingia deni ambalo pengine litalipwa na watoto wake. Ndiyo maana waungwana wa Ngamba na Nanyuki hawahesabu siku ya kuwasili kuwa siku ya ushindi. Wanaihesabu kuwa siku ya kwanza ya kazi.

Sasa nije Kisumu. Tunayo hifadhi ya swala pala, iliyotengwa mwaka 1992 katikati ya mji na ziwa. Eneo lake halifiki hata kilomita moja ya mraba. Lilikusudiwa kuwalinda swala pala wachache waliosalia, kuwapa viboko mahali pa kulisha usiku, na kuwahifadhi wanyama waliokamatwa kwingine. Maelfu ya watoto wa shule za Nyanza na Magharibi wamemwona chui kwa mara ya kwanza hapo. Nalitaja hilo kwa sababu lina uzito kwa mtu wa lugha. Mtoto wa Kijaluo hukua na hadithi za sibuor, simba, na ondiek, fisi. Maneno anayo, lakini wenye majina walikwisha kuondoka zamani. Kwake yeye simba amekuwa mnyama wa kigeni katika nchi ambayo babu zake waliogopa kutembea usiku kwa sababu yake.

Lakini kimbilio lenyewe nalo lina usalama gani? Mwishoni mwa 2019, baadhi ya wanyama walipoondolewa katika hifadhi hiyo, wakazi na viongozi walilalamika. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilieleza kwamba maji ya ziwa yalikuwa yakipanda. Wengi walishuku kuwa kuna mkono unaoinyemelea ardhi ile ya ufuoni, ambayo kila mwenye macho anaijua thamani yake. Maji, kwa kweli, yalipanda. Mei 2020 ziwa lilifikia kiwango kilichovunja rekodi ya mwaka 1964, na sehemu ya hifadhi ikafunikwa. Hapa sina nia ya kuamua nani alisema kweli. Nataka tuone jinsi shaka ile ilivyozaliwa. Ilizaliwa katika ukimya. Laiti wakazi wangekuwa wamezoea kupewa habari za wanyama wao mwaka baada ya mwaka, kwamba huyu yuko wapi na yule ameendeleaje, wasingeliona lori likitoka langoni wakadhani ni wizi. Mahali pasipo na taarifa hujaa uvumi, na uvumi hauulizwi ushahidi.

Ng'ambo ya ghuba, katika bonde la Lambwe, kuna Ruma, mbuga ya kilomita za mraba 120 iliyotengwa mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Humo mna korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, wala nisidhaniwe kuwa namtaja ndege mwenye jina hilo. Ndimo walimosalia korongo wa Kenya nzima. Huko nyuma wengine walihamishwa kutoka vilima vya Ithanga kwenda Shimba Hills, pwani, na huko wakaisha. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwapata korongo 15 tu. Nafurahi kwamba ndani ya Ruma wamezungushiwa uzio wa pekee ili wazaane kwa amani. Lakini kundi la wanyama 15 halina nafasi ya sisi kusema "walipelekwa" na kwenda zetu. Hapo kila mmoja lazima ajulikane kwa sura, kama mwalimu wa darasa dogo awajuavyo wanafunzi wake.

Najua nitaambiwa kwamba nchi hii ina watoto wasio na madawati na hospitali zisizo na dawa, na mimi naomba daftari la kufuatilia tumbili. Hoja hiyo ni ya haki, na anayeidharau hajalala na njaa. Tena wako watu wa pwani hii ambao kiboko amewaulia baba, na wengine ambao nyani na tumbili wamewamalizia mahindi kabla ya kuvuna. Wakisubiri fidia, husubiri miaka. Sithubutu kuwahubiria mapenzi ya wanyama. Lakini nauliza: gari, mafuta, kibali, posho ya dereva na dawa za mganga wa mifugo havikuwa fedha? Tumekwisha kutumia. Kumhamisha mnyama na kutofuatilia habari zake ni kulima, kupanda, kisha kutopalilia kwa kisingizio cha kubana matumizi. Anayeona kwamba kazi hii haistahili fedha, na aseme wazi kwamba isifanywe kabisa.

Nitaambiwa pia kwamba wanaojitolea hutoa siku yao bure, na kwamba si uungwana kuwakosoa. Siwakosoi. Niliwaona watu wale wakimwagia magunia maji katika jua la mchana la Katito, na nilijua kwamba niko pamoja na watu wema. Kwa sababu hiyo hiyo nataka wema wao usipotee njiani. Kujitolea kwetu kumekuwa kwa siku moja, siku ya safari, siku yenye gari na picha. Siku zinazofuata hazina picha, na ndizo zenye haja kubwa zaidi ya mikono.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne kwa wanaohusika.

Kwanza, fomu ya kila mnyama anayehamishwa isikome kwenye neno "Amepokelewa". Iwe na nafasi ya mwezi wa kwanza, wa sita na wa kumi na mbili, na katika kila nafasi liandikwe jina la mtu aliyemwona mnyama kwa macho yake. Nasisitiza jina, ili herufi w isipate pa kujificha. Na habari hizo zitangazwe, zikiwemo zile za vifo, kwani mnyama aliyekufa na sababu ikajulikana huwaokoa wengine.

Pili, mipaka ya hifadhi ya Kisumu iwekwe wazi kwa umma, ibandikwe langoni na katika ofisi za kaunti, pamoja na mpango wa kukabiliana na maji yatakapopanda tena, maana yatapanda. Mwananchi anayejua mwisho wa ua wa hifadhi ndiye mlinzi wake wa kwanza, tena asiyelipwa.

Tatu, vikundi vya kujitolea na vyuo vyetu vipange ziara za kuwafuata wanyama waliohamishwa. Chuo Kikuu cha Maseno kiko mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, na mjini mna vyuo vingine kadhaa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Na aliyemtoa mnyama nyumbani kwake apelekewe habari. Watu wengi zaidi wangewatoa kwa hiari kasuku na tumbili wao kama wangejua kwamba hawawatupi gizani.

Nne, tushughulike na chanzo. Kasuku wa Mbita hakuruka kutoka Kongo mwenyewe. Alinunuliwa, akabebwa, akavushwa mpaka, na kila mkono ulilipwa. Tumbili wa Kendu Bay hakuwa yatima kwa mapenzi ya Mungu peke yake. Kulikuwa na shamba lisilo na mlinzi na mkulima asiye na matumaini ya fidia. Tukiwaadhibu wauzaji wa sisimizi na kuwasahau wakulima, tutaendelea kujaza vizimba mpaka hifadhi zetu zigeuke maghala.

Mambo haya hayahitaji wataalamu kutoka ng'ambo wala sheria mpya. Yahitaji kalamu, daftari, mafuta ya gari mara chache kwa mwaka, na mtu mmoja anayekubali jina lake liandikwe. Wahenga walituagiza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu tumpe jembe, yaani tumfanye kuwa mwenyeji. Mnyama hatuwezi kumpa jembe. Lakini twaweza kuuliza habari zake siku ya tatu, na ya thelathini, na ya mia tatu, mpaka siku ambayo atakuwa amezoea maji na majani ya mahali pale, na neno mgeni halimfai tena. Hapo ndipo itakapokuwa halali kuandika kwamba ameokolewa, na kumtaja aliyemwokoa.